Toa au Rudisha: Nyimbo Zilizofungiwa Kabatini na Haki ya Msikilizaji

Mhadhara wa wazi uliotolewa Makunduchi, Unguja, katika wiki ya Mwaka Kogwa

 

Nimekuja kuzungumza juu ya jambo linalowachoma wapenzi wa muziki duniani kote, na ambalo sisi wa Unguja tumelizoea mpaka hatulioni tena. Nalo ni kazi ya muziki iliyokwisha kutungwa, kuimbwa na kurekodiwa, kisha ikakaliwa na yule aliyeshika kanda yake. Mwimbaji hawezi kuitoa kwa sababu mkataba unasema si yake. Mpenzi wake hawezi kuinunua kwa sababu haiuzwi. Aliyeishika haitoi, wala haelezi kwa nini.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili mpate kuipima. Nasema kwamba anayeshika kazi ya muziki iliyokamilika ana wajibu wa kuifikisha kwa watu katika muda unaojulikana, na akishindwa, airudishe kwa walioifanya. Toa au rudisha. Nasema pia kwamba msikilizaji, ambaye hatajwi katika mkataba wowote, ana haki ya kulidai hilo.

Wimbo unapopata mwenyewe

Siku hizi za Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, wanaume wanapopigana kwa vigogo vya migomba, wanawake huimba. Hakuna anayeomba ruhusa. Msichana huupokea wimbo kwa bibi yake, huenda akauongezea ubeti wake, na mwakani utaimbwa tena. Wimbo wa namna hiyo hakuna awezaye kuufungia, maana umo vinywani mwa watu wote.

Chombo cha kurekodi kilileta neema kubwa, na sitaki kuipunguza. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mtoto wa Fumba, alisafiri mpaka Bombay pamoja na wenzake, kina Subeti Ambari, Mbaruku Talsam, Budda Swedi na Maalim Shaaban, wakaimba mbele ya mashine za Gramophone Company. Nyimbo zikarejea kwetu katika sahani za santuri, na mtu wa Lamu au wa Tanga ambaye hakuwahi kumtia Siti machoni akaweza kumsikia akiwa barazani kwake. Siti alifariki mwaka 1950. Sauti yake tunayo mpaka leo kwa sababu ya safari ile.

Lakini safari ile ile iliupa wimbo mwenyewe wa pili. Kwa utaratibu wa biashara ya santuri, sahani mama ilibaki mikononi mwa kampuni. Kampuni iliamua wimbo upi uchapwe na upi usichapwe, nakala ngapi zitoke, na lini zisitoke tena. Mwimbaji alitoa sauti, mnunuzi akatoa rupia, na wote wawili wakawa nje ya uamuzi. Karibu miaka mia imepita tangu wakati huo, sahani imekuwa kaseti, kaseti imekuwa faili la kompyuta, na uamuzi bado uko pale pale.

Kabati letu lilikuwa redio

Ikitajwa albamu iliyofungiwa, mawazo ya wengi huenda Marekani na kampuni zake kubwa. Kwetu kabati hilo, kwa miaka mingi, lilikuwa la redio ya serikali. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja kuwa Sauti ya Tanzania Zanzibar, nayo tangu 2013 imo ndani ya Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC. Vikundi vyetu vikubwa, Akhwani Safaa kilichoasisiwa 1905 na Mila na Utamaduni chenye mizizi ya mwaka 1958, vilipeleka nyimbo zao redioni. Mafundi walizinasa katika tepu za sumaku, tepu zikaandikwa majina na kupangwa maktaba. Wimbo ulipigwa siku redio ilipotaka kuupiga. Aliyeupenda hakuwa na duka la kwenda kuununua, na aliyeuimba mara nyingi hakuwa na nakala yake nyumbani.

Bara mambo yalikuwa hayo hayo. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi dansi na taarab kwa wingi, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, ikawa inategemea Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, njia hiyo ikawa nyembamba zaidi. Mlimani Park Orchestra, iliyoanza 1978, ilijulikana nchi nzima kwa nyimbo ambazo watu walizisikia hewani na katika kumbi, huku kanda zenyewe zikiwa rafuni redioni, Barabara ya Pugu.

Linganisheni na Mombasa. Kule, katika miaka ya 1960 na 1970, duka la Assanand and Sons lilikuwa na lebo yake ya Mzuri, likawarekodi waimbaji wa taarab na kuwauzia watu santuri zao mkononi. Ndiyo maana sauti nyingi za Mombasa za miaka ile zilisambaa katika majumba ya watu, na zetu za Unguja, kwa sehemu kubwa, zikabaki Rahaleo, kwenye maktaba ya redio.

Siwalaumu mafundi wa redio. Bila wao tusingekuwa hata na cha kuulizia leo, na wengi wao walizitunza tepu hizo kwa vifaa duni na mshahara mdogo. Nazungumzia utaratibu uliosema kwamba kazi ikisharekodiwa imekwisha, na kuifikisha kwa watu si wajibu wa mtu yeyote.

Wapenzi wa muziki walijitetea walivyoweza. Mtu aliweka redio kaseti yake karibu na redio ya jirani, akanyamazisha watoto, akangoja wimbo wake upigwe. Kaseti hizo zina sauti ya mtangazaji mwanzoni, jogoo katikati, na wimbo uliokatwa kabla ya ubeti wa mwisho. Wako waliozihifadhi kwa miaka thelathini. Anayetaka kujua kama msikilizaji wa Unguja alijali, ushahidi wake ni huo.

Kisha wakaja wageni. Mwaka 1988 kampuni ya GlobeStyle ya London ilirekodi taarab hapa Unguja na kuitoa kwa santuri na sidii huko Ulaya. Mwaka 2005, Akhwani Safaa kilipotimiza miaka mia, Buda Musique ya Paris ilianza mfululizo wa Zanzibara ulioandaliwa na Werner Graebner, na albamu ya kwanza ikawa ya kikundi hicho. Nawashukuru kwa moyo wote. Lakini kijana wa Makunduchi anayetaka kumsikiliza mwimbaji wa kisiwa chake asipate njia ya kumfikia ila iliyofunguliwa Paris! Jambo hilo linapasa kutuuma.

Na muda hautungoji. Tepu ya sumaku huharibika kwa joto na unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili. Gundi inayoshika unga wa sumaku hulegea, tepu ikanata kwenye mashine au ikapukutika. Mashine zenyewe hazitengenezwi tena kama zamani, na mafundi wanaozijua wanazeeka. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilitoa onyo kwamba tepu ambazo hazitakuwa zimehamishiwa katika mfumo wa kidijitali ifikapo 2025 zina hatari ya kupotea kabisa. Mwaka huo tumeshaufikia.

Kwa nini mtu akalie alichokigharimia?

Mpenzi wa muziki huuliza: wamelipia studio, wamelipa wapigaji, albamu imekamilika, sasa wanangoja nini? Majibu yapo, na ni vyema tuyajue.

Kurekodi ni sehemu tu ya gharama. Kuna video, kuna kuzunguka redioni na kwenye televisheni, kuna matangazo. Wakubwa wa lebo wakiona hakuna wimbo utakaovuma, huona heri kupoteza kilichokwisha kutumika kuliko kuongeza kingine. Pengine meneja aliyempenda msanii na kumleta ameondoka, na aliyeshika nafasi yake ana wasanii wake wa kuwatetea. Pengine wameizuia albamu moja isije ikaigonga nyingine ya nyumba hiyo hiyo. Na pengine, hapa ndipo penye uchungu, msanii ametaka kuondoka, na kazi yake iliyokamilika ikageuzwa kamba ya kumfungia.

Kwetu tumeyaona haya kwa sura mbalimbali. Enzi za kaseti msanii wa bongo fleva au wa taarab ya kisasa alipeleka masta, yaani nakala mama ya kazi yake, kwa msambazaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, akauza kazi nzima kwa fedha taslimu, kisha akangoja zamu. Msambazaji ndiye aliyejua lini itatoka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na wako ambao nyimbo zao zilipitwa na wakati zikiwa bado dukani kwa mtu.

Enzi hii ya lebo, mfano uliotikisa ni wa Harmonize, aliyejiunga na WCB Wasafi mwaka 2015 na kuondoka 2019. Alisema hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 ili kuvunja mkataba na kupata haki za nyimbo zake. Hizo zilikuwa nyimbo zilizokwisha kutoka na kuimbwa na nchi nzima. Basi fikirini hali ya msanii mdogo, asiye na jina, ambaye wimbo wake haujasikiwa na yeyote isipokuwa waliomo studio. Hana umma wa kumsemea, kwa kuwa umma haujui kama wimbo upo.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Lebo hiyo hiyo, mwezi Aprili 2020, ilimtambulisha Zuchu, mtoto wa Unguja, binti wa mwimbaji wa taarab Khadija Kopa, na katika muda mfupi akajulikana Afrika Mashariki nzima. Lebo ikiamua kutoa kazi, ina nguvu ambayo mwimbaji peke yake hana. Kwa hiyo sisemi vijana wazikimbie lebo. Nasema nguvu ya kutoa iambatane na wajibu wa kutoa.

Fedha ya lebo, hiari ya msanii

Mwenye lebo ataniambia: fedha ni yangu, nikitaka kuipoteza nina hiari. Namjibu hivi. Fedha ni yako, lakini katika kanda ile kuna ambavyo hukuvinunua: miaka ya mtunzi, sauti ya mwimbaji ambayo hataipata tena akizeeka, na mapenzi ya watu wanaongoja. Aidha, anayefungia kazi mara nyingi hajui anachokifungia. Mwaka 2001 kampuni ya Reprise, tawi la Warner, iliikataa albamu ya Yankee Hotel Foxtrot ya bendi ya Wilco ya Chicago, ikawaacha waondoke na masta zao. Bendi ikawasikilizisha watu bure kwenye mtandao. Mwaka uliofuata albamu ilitolewa na Nonesuch, ambayo nayo ni ya Warner, ikawa ndiyo iliyouzwa zaidi kuliko zote walizopata kutoa. Nyumba moja iliilipia kazi ile mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza haikuwasikiliza wasikilizaji.

Msanii naye ataniuliza: je, nikiwa mimi mwenyewe sitaki kazi yangu itoke? Hapo nasimama upande wake. Mwaka 1987 Prince alizuia albamu yake, inayojulikana kama The Black Album, siku chache kabla haijaingia madukani, kwa hiari yake, na ilitolewa rasmi mwaka 1994. Mtunzi anayeikataa kazi yake ana haki hiyo, hata mimi mpenzi wake nikiumia. Ninachokipinga ni mtu wa tatu kumnyima mtunzi anayetaka kusikika na msikilizaji anayetaka kusikia, wote wawili kwa pamoja.

Msikilizaji ana kazi yake

Wapo wanaowaona mashabiki wanaolalamika kuwa ni watu wasio na subira. Mimi naona wanalinda kitu. Mwaka 2005 mashabiki wa mwimbaji Fiona Apple walioamini kwamba Sony imeikalia albamu yake ya Extraordinary Machine walikusanyika nje ya ofisi za kampuni hiyo New York, wakapeleka na matufaa, maana ndiyo tafsiri ya jina lake la Apple. Oktoba mwaka huo albamu ikatoka, ikiwa imerekodiwa upya kwa sehemu kubwa. Mwimbaji JoJo, aliyesaini mkataba akiwa na miaka 12, alikaa miaka baada ya albamu yake ya pili ya 2006 bila ya tatu kutolewa, akaishia mahakamani, na 2016 akatoa albamu akiwa kwingine. Mashabiki wake walikua watu wazima wakimngoja.

Sisi watu wa taarab tuna sababu kubwa zaidi ya kuelewa. Katika taarab msikilizaji hakai kimya. Bibi akisikia ubeti unaomgusa huinuka, hupita katikati ya ukumbi akicheza, akamtunza mwimbaji, na macho yake yanajua yanamtazama nani. Mtunzi aliandika ubeti bila kumtaja mtu. Ni yule bibi anayeupa mlengwa. Usiku huo wimbo ni wa mapenzi, usiku mwingine ni wa majirani wawili wasiosemezana, na maneno ni yale yale. Wimbo huo ukifungiwa kabatini unapotezewa nusu ya maana yake, ile nusu inayotengenezwa na wasikilizaji. Kwa hiyo nikisema msikilizaji ana haki, simpi asichokuwa nacho. Kanda si yake na fedha si yake. Lakini kazi yake katika wimbo haiwezi kufanywa na mwingine, na kuufungia wimbo ni kumzuia asiifanye.

Toa au rudisha

Ninachokidai si kipya duniani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 ilipoongeza muda wa haki za kurekodi kutoka miaka 50 hadi 70, iliweka sharti: baada ya miaka 50, kampuni ikiwa haiuzi kazi au haiiweki mtandaoni, mwimbaji anaweza kuitaarifu, na mwaka ukipita bila ya kuyafanya yote mawili, ana haki ya kuuvunja mkataba. Mwaka 2019 Umoja huo ukaongeza haki ya mtunzi na mwimbaji kuchukua tena kazi ambayo aliyepewa haitumii. Marekani, mtunzi aliyehamisha haki zake anaweza kuzidai baada ya miaka 35. Muda huo kwangu ni mrefu mno, lakini msingi wake ni sahihi: haki iwe na njia ya kurudi ilikotoka.

Sisi tunayo Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003, na tunayo COSOZA ya kuisimamia. Bara wana sheria yao ya 1999 na COSOTA. Nataka sharti la kutoa au kurudisha liandikwe humo kwa maneno yasiyo na utata. Na wakati tunalingoja Baraza la Wawakilishi, mkataba haumngoji mtu. Nyinyi vijana mnaoimba hapa Makunduchi, Jambiani, Paje na mjini, mkiletewa karatasi ya kutia saini, tafuteni humo tarehe. Albamu ikikamilika, itatoka ndani ya miezi mingapi? Isipotoka, masta zitarudi kwangu kwa masharti gani? Kama karatasi haijibu maswali hayo mawili, haijawa tayari kutiwa saini. Daini pia nakala kamili ya kila mlichorekodi, ibaki nyumbani kwenu, hata kama hamruhusiwi kuiuza. Kampuni hufa, kompyuta huharibika, na wakati mwingine nakala ya mwimbaji ndiyo inayosalia.

Kwa kanda za redio, pa kuanzia ni orodha. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. ZBC ichapishe orodha ya tepu zote ilizonazo: kikundi, mwimbaji, mtunzi, mwaka. Ikitoka, wazee walio hai watasahihisha majina, familia zitajitokeza, na vikundi vitajua vyao. Najua si kazi nyepesi. Wimbo wa taarab una mtunga mashairi, mtia muziki, mwimbaji na kikundi kizima, na kugawa haki zao baada ya miaka hamsini kunataka subira na uadilifu. Lakini ugumu wa kugawa usiwe sababu ya kutogawa, maana kila mwaka anafariki mtu mmoja zaidi ambaye angeweza kutuambia ubeti huu ni wa nani. Mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, na baadaye Polygram ya Nairobi ikakusanya nyimbo zake katika mfululizo wa Ukumbusho. Ni kazi njema. Hata hivyo mimi nataka mwimbaji wa Unguja azione kazi zake zikitoka akiwa hai, apokee chake kwa mkono wake.

Na sisi wapenzi tuna wajibu. Tusinunue wala kusambaza kazi iliyoibwa, kwa kuwa anayeiba kutoka kabatini anamnyang'anya mwimbaji mara ya pili. Badala yake tuulize, tena kwa majina. Tuiandikie lebo: albamu fulani ya msanii fulani mlisema itatoka, iko wapi? Tuiandikie redio: wimbo fulani mlikuwa mkiupiga, tutaupataje? Swali la mtu mmoja hutupwa. La mia, likitajwa kwa jina la wimbo, hutafutiwa jibu.

Mwaka mpya wa hapa Makunduchi husafisha ugomvi wa mwaka uliopita ili watu waanze bila ya deni la moyo. Deni hili la nyimbo tumeliburuza miaka mingi. Kila aliyeshika kazi iliyokamilika, iwe lebo, msambazaji au shirika, na aweke tarehe ya kuitoa, na tarehe ikipita airudishe kwa wenyewe. Hilo ndilo nililokuja kuliomba, na naomba tuondoke hapa tukiwa tunalidai pamoja.